Kutu Iliyozidi Katika Bafu

Temeke,
11 Agosti 1980

Ndugu Audax, Katibu wa Tawi,

YAH: BARUA YANGU YA JUNI 1976 KUHUSU KUTU ILIYOZIDI KATIKA BAFU

Nakuamkia kwa heshima ya cheo chako, ingawa kwa umri ilipasa wewe uniamkie mimi. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, kwa kuwa sina hakika kama nitakuwepo siku utakayojibu.

Wewe ni mgeni katika ofisi hii. Faili lenye jina langu utalikuta ni jembamba. Usidanganywe na wembamba wake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili na hesabu, mkazi wa nyumba yenye mlango wa kijani, jirani na Bi Somoe, balozi wetu wa nyumba kumi. Miguu yangu imevimba, na daktari amesema moyo umechoka kusukuma. Alinitazama kwa upole kupita kiasi, nikamwelewa. Kwa hiyo nimeamua kumaliza mambo yangu yaliyobaki maofisini, nikianza na hili la bafu.

Bafu ninalolisema si chumba. Ni chombo chenyewe, kile kirefu cha kujilaza mtu akioga, cheupe, cha faibaglasi. Nilikinunua mwaka 1968, kambi moja ya wajenzi wa barabara ilipovunjwa. Ni chepesi. Mke wangu Rosalia alishika mbele, mimi nyuma, tukakibeba kutoka Barabara ya Pugu mpaka hapa, na njiani watu walitupisha wakivua kofia, wakidhani tumebeba jeneza la Mzungu. Maji ya bomba hayajawahi kuingia ndani ya nyumba yetu, hivyo bafu halijawahi kufanya kazi ya bafu. Tundu lake tumeliziba kwa gunzi. Ndani yake tumeweka mahindi, nguo chafu, muhogo wa kuloweka, na kuanzia mwaka 1973, shemeji yangu Kasiani.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. KUTU YENYEWE. Nianze na jambo la kitaalamu, maana wapo wanaodhani nasingizia. Faibaglasi haishiki kutu. Haina chuma ndani yake. Ukiona kutu juu yake, ujue imeachwa na kitu kingine kilicholala hapo. Kitu hicho kilikuwa vyombo vya kazi vya Kasiani, ambaye ni mdogo wake Rosalia na mchonga vinyago kutoka Newala. Nyumba yetu ina vyumba vitatu na wakati ule ilikuwa na watoto sita, naye Kasiani ni mrefu. Mahali palipomtosha ni ndani ya bafu, juu ya godoro la sufi, miguu ikining'inia upande wa gunzi. Chini ya kichwa aliweka tezo moja na patasi nne, zimeviringishwa kwenye kitambaa, asiibiwe. Joto la Temeke unalijua. Kichwa kilitoa jasho, jasho likashukia chuma, na kufikia mwaka wa tatu bafu lilikuwa na picha ya tezo moja na patasi nne, rangi ya chai kavu, wazi kiasi cha kuhesabika.

Tulihangaika nalo. Mchanga na majivu hukwaruza faibaglasi, na ikishakwaruzwa kutu hupata pa kujificha. Brashi ya waya ni hivyo hivyo. Dawa ya kung'arishia mashuka ililifanya doa lizidi kuwa jeusi. Kinachofaa ni ukali wa ndimu: unapaka, unafunika kwa kitambaa kibichi, unaacha saa nzima, unafuta taratibu, unarudia kesho. Lakini ndimu za kutosha bafu zima ni gunia. Nikaona niombe kibali cha robo kilo ya chumvi ya ndimu, ile ya unga, ambayo mwaka ule haikupatikana bila kibali.

2. MASHINE YA CHAPA. Barua yangu niliiandika kwa mkono, na mwandiko wangu hakuna aliyewahi kuulalamikia. Ofisi ikasema maombi yote yapigwe chapa, nakala tatu. Mpiga chapa aliyekuwa karibu na soko alikuwa mama mwenye kasi sana na miwani yenye kioo kimoja. Mimi niliandika hivi: "Naomba kibali cha chumvi ya ndimu kwa ajili ya kuondoa kutu iliyozidi katika bafu nyumbani kwangu." Yeye akapiga hivi: "kwa ajili ya kuondoa watu waliozidi katika bafu nyumbani kwangu."

Hapo pazingatie, Ndugu Katibu. Mpiga chapa wa kawaida angepiga "watu iliyozidi," na mtoto wa darasa la pili angeliona kosa. Huyu mama alikuwa fundi. Alipokosea jina, akaufuata upatanisho wake mpaka mwisho. Sentensi ilitoka safi. Haikuwa na mahali pa kutia mstari mwekundu.

3. UTEKELEZAJI. Ofisi yenu ilijibu katika siku tisa, jambo ambalo halijatokea tena. Jibu ninalo hapa: "Ombi limekubaliwa. Watu wataondolewa Jumanne. Chumvi haipo." Utakumbuka kwamba mwaka ule wasio na kazi ya kuandikishwa walikuwa wakipelekwa vijijini kulima. Naamini wenzako walijiuliza chumvi ya ndimu inahusikaje na kuondoa watu, lakini hawakuniuliza mimi, na siwalaumu. Maswali huchelewesha kazi.

Jumanne asubuhi lori likaja, likiwa na mgambo wawili na karani. Mgambo mmoja alipiga hodi kwa rungu. "Watu wa bafuni wako wapi?"

Rosalia akamjibu, "Baba, bafuni kuna mtu mmoja tu, tena bado amelala."

Karani akaisoma barua upya. "Hapa pameandikwa watu, mama. Mmoja si watu. Na mwenye nyumba ni mwalimu, hawezi kuchanganya umoja na wingi."

Wakaanza kutafuta wengine. Kando ya bafu palikuwa na gogo la mpingo, kazi ya Kasiani ya miezi minane, ule mtindo wa kuchonga unaoitwa ujamaa, watu wamebebana mabegani tangu chini hadi juu. Mgambo akahesabu vichwa kwa ncha ya rungu. Vilikuwa kumi na vinne.

"Na hawa je?"

"Hao nao wamezidi," karani akasema, akaandika: watu kumi na watano.

Kasiani peke yake ndiye aliyecheka. Akatoka ndani ya bafu, akakunja blanketi, akafunga vyombo vyake, akainua kinyago begani. Aliponipita mlangoni alisema, "Haya shemeji, mie huyo," akapanda lori. Wakamshusha katika kijiji kilicho mbele ya Chanika.

Kutu waliiacha. Hilo ndilo lalamiko langu la tatu: kilichoombwa kuondolewa kipo, na kisichoombwa kimekwenda.

4. SIFA. Mwezi uliofuata tawi letu lilisifiwa mkutanoni kwa kuondoa watu kumi na watano kutoka nyumba moja. Mimi niliitwa mbele nikapewa hati. Msemaji alisema mimi ni mfano wa mtu anayeanzia mageuzi nyumbani kwake. Watu walipiga makofi, nami nikainamisha kichwa, jambo lililochukuliwa kuwa unyenyekevu. Baada ya hapo majirani walianza kuja na karatasi. Mzee Hija alitaka barua ya kumwondoa mama mkwe wake jikoni. Mwingine alitaka fundi viatu aondolewe barazani. "Tuandikie wewe mwalimu," walisema, "yako ilikubaliwa." Niliandika tatu. Hakuna iliyofanikiwa, kwa sababu kila moja ilikuwa na mtu mmoja tu na hapakuwa na kinyago.

Kila mwaka Bi Somoe husomewa taarifa, naye hutusomea sisi, kwamba Kasiani na wenzake kumi na wanne wamelima ekari kumi na tano. Namjua Kasiani. Wenzake ni mpingo. Basi ama takwimu hizo zinalimwa ofisini, ama shemeji yangu anafanya kazi ya watu kumi na watano. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na usingizi wangu unategemea jibu la hesabu hiyo.

5. Nambari hii ilihusu uhaba wa sabuni. Nimeifuta. Si mahali pake.

6. KALAMU. Hapa naona inaniwia vigumu kuendelea kuilaumu mashine.

Nakala zilizopigwa chapa zililetwa kwangu nizitie saini. Nilizisoma mara mbili, kalamu mkononi, kama nilivyozoea kusoma madaftari ya wanafunzi kwa miaka thelathini na moja. Katika mstari wa kwanza "ndugu" ilikuwa na herufi ndogo, nikaifanya kubwa. Mbele ya "nyumbani kwangu" nilitia mkato, ambao si wa lazima lakini unapendeza. Nikafika kwenye "watu waliozidi." Kalamu ikasimama.

Kasiani alikuwa chumba cha nyuma anagonga patasi. Alikuwa na desturi ya kuimba Kimakonde kwa kufuata nyundo, ubeti mmoja huo huo. Vumbi la mpingo lilikuwa limeingia kwenye unga. Jana yake alikuwa amekula mkia wa samaki nilioufikiria tangu mchana. Binti yangu Adelina alikuwa ameanza kusema, "Mjomba anajua, muulizeni Mjomba," hata kwa maswali ya hesabu. Hizi si sababu, Ndugu Katibu. Nimeziweka ili uone jinsi zilivyo ndogo.

Nikajiambia: sarufi haina kosa. Nikatia saini, nakala zote tatu.

Nikajiambia pia kwamba anayeathirika hatajua. Wakati ule nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima barazani kwangu, jioni, na Kasiani alikuwa mwanafunzi wa mstari wa nyuma. Alikuwa bado kwenye silabi. Niliwahi kumwambia mbele ya wenzake kwamba mpingo ni mlaini kuliko kichwa chake. Wote walicheka, naye akacheka.

Rosalia hajawahi kuniuliza kuhusu barua ile. Lakini tangu Jumanne ile ameacha kuniita Baba Adelina. Ananiita Mwalimu. Ananipikia uji, ananikanda miguu kwa maji ya moto, ananigeuza ubavu, na kila mara ni "Mwalimu, nyanyua mkono," "Mwalimu, kunywa." Mtu mwingine akisikia atadhani naheshimiwa.

Nilikwenda kuungama. Padri aliniuliza kama nimemwomba radhi mwenyewe. Nikasema bado. Akasema, "Chanika si mbinguni, mzee, kuna basi." Nililitafakari shauri lake kwa miaka miwili nikaona utaratibu ulio sahihi ni kuanza na ofisi.

7. MAOMBI. Kutokana na hayo yote, naomba kwa unyenyekevu ofisi yako ifanye yafuatayo:

(a) Katika nakala zote tatu za barua ya Juni 1976, neno "watu" lifutwe, liandikwe "kutu," pamoja na upatanisho wake.

(b) Itangazwe kwenye ubao wa tawi kwamba Kasiani aliondolewa kwa kosa la tahajia, na kwamba mtu aliyeondolewa kwa tahajia hahesabiwi kuwa ameondoka. Kisha arudishwe kwa lori, siku ya Jumanne, na karani yule yule ikiwa bado yupo kazini. Aje na wenzake kumi na wanne, kama hajawauza.

(c) Ikiwa idadi ya kumi na watano haiwezi kupunguzwa kwa sababu imekwisha kupelekwa juu, basi niondolewe mimi badala yake. Sina nguvu ya kulima, lakini naweza kukaa kimya shambani kama wale kumi na wanne wanavyokaa, na hakuna aliyewahi kulalamikia kazi yao. Magoti yangu hayakunjiki, kwa hiyo nisafirishwe nimelala ndani ya bafu. Mgambo wawili watatosha kulinyanyua. Mimi mwenyewe sasa nina uzito mdogo.

(d) Robo kilo ya chumvi ya ndimu. Ikiwa bado haipo, Bi Somoe aelekezwe kuniruhusu kuchuma mbilimbi uani kwake, kwa maana nimegundua baadaye kwamba maji ya mbilimbi huondoa kutu kuliko hata ndimu. Nilipomwomba alinijibu kutoka upande wa pili wa ua, "Nikupe mbilimbi leo, kesho uniandikie barua? Sithubutu, Mwalimu!"

Naomba mambo haya yakamilike kabla ya mwisho wa mwezi. Si mimi ninayekuharakisha, ni moyo.

Nisalimie wote hapo ofisini: mlinzi, karani wa mafaili, mama wa chai, na yeyote aliyekuwepo kwenye ule mkutano akapiga makofi. Mwambie namwomba ayarudishe, kama kuna njia ya kuyarudisha makofi.

Ni mimi katika kujenga nchi, ijapokuwa nimelala,

Anselmo F. Chilumba
Mwalimu Mstaafu

NYONGEZA, 14 Agosti. Barua hii imekaa siku tatu chini ya mto kwa kukosa stempu. Leo asubuhi Kasiani amekuja. Hakuletwa na ofisi yoyote. Alisikia naumwa, akapanda basi, akalipa nauli. Ana mvi. Analima ekari moja na nusu, na wale wenzake kumi na wanne aliwauza mwaka ule ule akanunua mabati.

Nilitaka kumweleza, mdomo ukakataa. Nikaitoa barua nikamsomea yote, tangu tarehe mpaka nambari ya sita. Alisikiliza akiwa ameketi kwenye ukingo wa bafu. Nilipomaliza akasema, "Shemeji, hapo hujaandika ni nani aliyeipeleka ile barua ofisini."

Sikusahau, Ndugu Katibu. Niliruka kwa makusudi. Nilimtuma yeye. Niliiweka ndani ya bahasha bila kuifunga kwa gundi, nikampa mkononi, kwa sababu nilijua hawezi kusoma.

Anasema alisimama pembeni mwa soko akaifungua, ajipime kama masomo yameingia. "Nikasoma 'wa.' Nikasoma 'tu.' Nikaunganisha, watu! Lilikuwa neno langu la kwanza kusoma bila wewe kunishikia fimbo ubaoni. Nilicheka peke yangu barabarani kama mwehu. Halafu nikaanza lile la pili, nalo lilikuwa refu, nikalisoma mpaka likaisha. Kisha nikaona bafu. Katika bafu watu nilikuwa mimi."

Nikamwuliza kwa nini hakurudi kuniuliza.

"Nikuulize nini? Wewe hukosei kuandika. Nikajua mdomo umekushinda, ukaona uniandikie." Akaifunga bahasha, akaipeleka.

Kwa hiyo maombi yangu yote nayafuta, kuanzia (a) hadi (d). Hakuna kosa la tahajia lililotendeka katika barua ya Juni 1976. Neno lilikuwa sahihi, lilimfikia aliyekusudiwa, na alilielewa. Ofisi yako haidaiwi kitu, wala mama wa mashine.

Nimemwomba radhi kwa mdomo wangu. Ameomba karatasi na kalamu, ametoka kuketi uani, na tangu saa tatu anaandika. Rosalia alikwenda kuchungulia, akafukuzwa. Kasiani amesema ni jibu langu, na kwamba hataki mtu amsahihishe.

Sasa hivi ameuliza kwa sauti kutoka huko nje, bila kutaja jina la mtu, kama "nimekusamehe" ni neno moja au mawili. Rosalia amenitazama, anangoja niseme. Nimemwambia amwache, aandike atakavyo.

A.F.C.